Kitegemezi na Kitegemewa: Istilahi Mbili za Utunzi wa Programu za Mtandao na Funzo lake kwa Wanaisimu

1. Utangulizi



Nilipopewa heshima ya kutoa mhadhara huu, wengi walitarajia kwamba ningezungumzia ngeli au mnyambuliko wa vitenzi, mambo ambayo nimeyafundisha kwa zaidi ya miaka 30. Sitawanyima haki hiyo, mnyambuliko utakuja. Hata hivyo, leo nimekusudia kuingia kwa mlango ambao mwanaisimu huupita kwa nadra, yaani mlango wa watunzi wa programu za kompyuta. Nitazungumzia mambo mawili wanayoyabishania: kitu ambacho wao hukiita singletoni, na njia ya kukiondoa kitu hicho katika msimbo wa programu za mtandao. Nitaonyesha kuwa ubishi huo una sura ya kiisimu, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuueleza, pengine kwa uwazi zaidi kuliko lugha ulikozaliwa.

Sikuja kwenye mada hii kwa udadisi mtupu. Nililetwa na hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhariri katika mradi wa kamusi ya mtandaoni. Kazi yangu ilikuwa vidahizo; msimbo ulikuwa kazi ya vijana. Siku moja mwanafunzi wa uzamili alikuwa akikijaribu kichanganuzi cha maumbo, yaani kile kijisehemu cha programu kinachopokea neno kama “walimpikia” na kuligawa katika mofimu zake. Jaribio lake lilianza kwa kufuta majedwali yote ili kazi ianze upya. Alidhani anafuta majedwali ya majaribio. Kumbe alifuta ya kweli. Yalipotea maelezo ya msamiati wa lahaja za kaskazini, maneno tuliyoyakusanya mashuani na katika baraza za wasuka mikeka. Nakala ya akiba ilikuwa ya zamani. Sehemu tuliirudisha kutoka katika daftari zetu. Sehemu nyingine haikurudi, kwa kuwa mmoja wa wazee waliotupa maneno hayo alikuwa amekwisha kututangulia mbele ya haki.

Kijana yule alikuja ofisini kwangu, akaniamkia, akasimama mlangoni. Akasema: “Profesa, mimi hifadhidata sikuigusa. Nilikigusa kichanganuzi tu.” Wakati ule nilidhani anajitetea. Baadaye nilielewa kwamba alisema kweli tupu, na kwamba kosa halikuwa lake peke yake, bali la namna msimbo wenyewe ulivyotungwa.

2. Kipekee ni nini?

Mwaka 1994 waandishi wanne, Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, walichapisha kitabu kilichoeleza ruwaza 23 za utunzi wa programu. Ruwaza ni suluhisho la tatizo linalojirudia, lililopewa jina ili watunzi waweze kulijadili bila kulieleza upya kila mara. Mojawapo ya ruwaza hizo ni singletoni. Maana yake ni nyepesi: klasi fulani ya vitu huhakikisha kwamba kitu chake ni kimoja tu, nayo huweka mlango mmoja wa jumla ambao sehemu yoyote ya programu yaweza kuupitia na kukichukua kitu hicho.

Kwa ajili ya mjadala wetu napendekeza istilahi “kipekee”, wingi “vipekee”. Najua kuna watakaosema kwamba umbo hilo tayari limo katika vifungu kama “sifa ya kipekee”. Hiyo si kasoro kubwa, kwani nomino itajitambulisha kwa upatanisho wake: kipekee hiki, vipekee hivi. Nimelikataa neno “mpweke” kwa sababu lina huzuni ndani yake, na kitu ninachokizungumzia hakina huzuni yoyote. Kinatembelewa na kila mtu.

Mvuto wa kipekee ni dhahiri. Chukulieni programu ya kamusi. Kichanganuzi kinahitaji kusoma hifadhidata. Ukurasa wa utafutaji unahitaji hifadhidata. Sehemu ya kupokea maoni ya wasomaji nayo inahitaji hifadhidata hiyo hiyo. Mtunzi haoni haja ya kuipitisha mkono kwa mkono. Anaifanya hifadhidata kuwa kipekee, na kila sehemu inapoihitaji hujiendea yenyewe na kuichukua. Msimbo unakuwa mfupi, na kazi inakwenda.

Lakini tazameni kilichotokea kwa mwanafunzi wangu. Kichanganuzi kilipoundwa hakikuomba chochote kwa yeyote. Ukikitazama kwa nje kilionekana kama kitu kinachojitosheleza. Kwa ndani, kilikwenda kimya kimya mpaka kwenye hifadhidata ya kweli, kwa sababu hiyo ndiyo pekee iliyokuwapo, na jaribio likafuata njia hiyo hiyo. Kijana hakuwa na mahali pa kusema: leo tumia hifadhidata nyingine. Mahali hapo hapakuwapo katika msimbo. Ndiyo maana nasema kwamba hakuigusa hifadhidata.

3. “Mzee amesema”

Wanaisimu tunaijua hali hii, ila tunaiita kwa majina mengine. Chukueni sentensi fupi: “Mzee amesema.” Kisarufi haina upungufu, ina kiima na kiarifu. Lakini maana yake haimo ndani yake yote. Mjini Nairobi katika miaka ya mwanzo ya 1970, msikilizaji angeelewa kuwa aliyesema ni Jomo Kenyatta. Mjini Lubumbashi mwaka 1999, angeelewa kuwa ni Laurent-Désiré Kabila. Nyumbani kwetu, mama alipoitamka sentensi hiyo, ilimaanisha baba yetu, na mjadala uliishia hapo.

Katika kila mahali sentensi hiyo inafanya kazi vizuri, kwa sababu wote waliopo wanashiriki muktadha mmoja wenye Mzee mmoja. Hakuna anayeuliza “mzee yupi?” Tatizo linazuka sentensi inapohamishwa. Ikitoka Nairobi ikaenda Lubumbashi, haivunjiki kwa kelele. Inaendelea kueleweka, ila inaeleweka vingine. Hiyo ndiyo hatari yake. Sentensi isiyoeleweka humfanya msikilizaji aulize. Sentensi inayoeleweka vibaya humpeleka mbali kabla hajagundua.

Kipekee ni “Mzee” wa programu. Klasi inayokitumia hubeba tegemeo ambalo halionekani katika umbo lake, na hufanya kazi sawasawa maadamu haijahama. Kuijaribu ni kuihamisha. Kuitumia katika programu nyingine ni kuihamisha. Hata kupita kwa muda ni uhamisho wa aina yake.

4. Kwa nini tatizo ni kubwa zaidi katika mtandao?

Programu inayotumiwa na mtu mmoja katika kompyuta yake yaweza kuishi na vipekee kwa muda mrefu. Programu ya mtandao haina raha hiyo. Seva hupokea maombi ya watu wengi kwa wakati mmoja, na katika mazingira mengi, kama yale ya Java, maombi hayo yote huhudumiwa ndani ya programu moja inayoendelea kuishi. Kipekee kimoja kinashirikiwa na wote.

Katika kamusi yetu, mpangilio wa lahaja nao ulikuwa kipekee. Msomaji aliyechagua Kimvita aliandika chaguo lake katika kitu kile kile kimoja. Aliyefuata, ambaye alitaka Kiswahili Sanifu na neno “mchele”, akaletewa “mtele”. Tulipokea malalamiko kutoka pande zote mbili. Mmoja alituuliza kama tumeamua kubadili usanifu wa lugha bila kutangaza. Tulicheka, lakini swali lilikuwa zito: tulikuwa tumeandika, bila kukusudia, programu iliyoamini kwamba wakati wowote ulimwenguni pana msomaji mmoja na lahaja moja.

Ikumbukwe kwamba mazingira hayafanani. Katika PHP, kwa kawaida kila ombi huanza upya na kufa likishajibiwa, kwa hiyo uvujaji wa namna hii si rahisi kutokea, ingawa tatizo la majaribio hubaki pale pale. Aidha, tovuti inapokuwa na wasomaji wengi, programu huendeshwa katika nakala kadhaa, pengine kwenye seva tofauti. Hapo kila nakala huwa na kipekee chake. Kitu kilichojigamba kuwa ni kimoja kinakuwa vitano au kumi, na mtunzi aliyetegemea umoja wake, kwa mfano kwa kuhesabu wasomaji, hupata hesabu zisizopatana.

5. Kitenzi kinachotangaza mahitaji yake

Tiba waliyoigundua watunzi ni hii: sehemu ya programu isijiendee kuchukua inachokihitaji, bali ikitangaze katika umbo lake, na aliye nje aikabidhi. Klasi ya kichanganuzi, inapoundwa, iseme wazi: ili niwepo nahitaji hifadhidata. Anayeiunda ndiye atakayeamua ni hifadhidata ipi. Katika kazi ya kweli ataipa ya kweli. Katika jaribio ataipa kibadala kidogo kilichomo katika kumbukumbu tu, ambacho hata kikifutwa hakuna mzee atakayepotea mara ya pili.

Wanafunzi wa mofolojia wataitambua hali hii mara moja. Tuna kitenzi “pika”. Juma alipika. Tukikiweka katika kauli ya kutendea tunapata “pikia”, na papo hapo kitenzi kinafungua nafasi ya yambwa tendewa: Juma alimpikia mgeni. Huwezi kusema “Juma alimpikia” mbele ya asiyejua habari asikuulize: nani? Nafasi imetangazwa na kiambishi, na kiambishi cha yambwa kinadai kipate mwenyewe. Kiundaji cha klasi chenye orodha ya mahitaji yake ni sawa na kitenzi cha kutendea. Anayekisoma anajua, kabla ya kuingia ndani, ni nani na nani wanaohitajika ili tendo likamilike.

Tofauti ya njia hizi mbili, basi, haihusu idadi. Hili nalisisitiza kwa kuwa linakosewa mara nyingi. Hifadhidata yaweza kubaki moja, nayo ikakabidhiwa kwa wote wanaoihitaji. Kinachoondolewa ni ile desturi ya kila sehemu kuingia chumbani na kujichukulia. Umoja wa kitu ni uamuzi wa mwenye nyumba, usiwe maumbile ya kitu chenyewe.

6. Suala la istilahi

Mwezi Januari 2004 Martin Fowler alichapisha makala iliyoipa njia hii jina linalotumika hadi leo. Kabla ya hapo, wengi waliijumuisha katika dhana pana zaidi ya kugeuza udhibiti. Fowler aliona kwamba jina hilo ni pana mno kiasi cha kuwachanganya watu, na baada ya mashauriano na watetezi wa njia hiyo, likapatikana jina mahususi. Nawaomba wanaleksikografia waliangalie tukio hili kwa makini. Wahandisi walikaa, wakaona kuwa jina lao linabeba mengi mno, wakalipunguza. Ndiyo kazi ya usanifu wa istilahi ambayo sisi, tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, tumekuwa tukiifanya katika nyanja nyingine.

Jina la Kiingereza lina sehemu mbili, na kila moja ina kasoro. Sehemu ya kwanza hutumika kwa uhusiano wa kutegemea, na pia kwa kile kinachotegemewa. Mwanafunzi anayeanza huchanganyikiwa: tegemeo ni lipi, mimi au yeye? Kiswahili hakilazimiki kuirithi kasoro hiyo. Kutokana na “tegemea” tunapata “kitegemezi”, yaani kile kinachotegemea, na hapa tunafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wanasarufi waliotupatia “kishazi tegemezi” na “mofimu tegemezi”. Kutokana na kauli ya kutendwa tunapata “kitegemewa”, yaani kile kinachotegemewa. Uhusiano wenyewe tuuite “utegemezi”. Istilahi tatu, kila moja na kazi yake. Kichanganuzi ni kitegemezi. Hifadhidata ni kitegemewa.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi. Tafsiri ya moja kwa moja ingetupeleka kwenye “kudunga”, kitenzi kinachonuka zahanati. Kina upungufu mwingine pia: anayedungwa hakuomba, wala hakutangaza mahali pa kudungwa. Wapo wanaopendelea “kupachika”. Ni bora, lakini kupachika ni tendo la umbo. Huonyesha kitu kilichotiwa mahali, hakionyeshi dhamana. Mimi napendekeza “kukabidhi”. Anayekabidhi anajulikana, anayekabidhiwa anajulikana, na kilichokabidhiwa kinabaki amana: aliyekipokea anakitumia lakini si chake kukiharibu. Basi njia yenyewe tuiite “ukabidhi wa vitegemewa”.

Sisemi kwamba istilahi hizi ndizo za mwisho. Tumeshuhudia “kompyuta”, “tarakilishi” na “ngamizi” zikishindana, na watumiaji ndio walioamua, kila nchi kwa namna yake. Ninachosema ni kwamba istilahi nzuri si ile inayolingana na neno la Kiingereza, bali ile inayomzuia mwanafunzi asikosee.

7. Namna ya kuondoa vipekee

Baada ya hasara ile tulikaa na vijana kuurekebisha msimbo. Nilihudhuria kama msikilizaji, na nitaeleza nilichokiona, kwa kuwa utaratibu wake unafanana na uhariri wa kamusi: hakuna anayebomoa kamusi nzima ili kusahihisha herufi moja.

Kwanza, waliorodhesha kila mahali palipokiita kipekee. Orodha ilikuwa ndefu kuliko yeyote alivyodhani, na hilo peke yake lilikuwa somo.

Pili, walichukua klasi moja moja na kuongeza katika kiundaji chake nafasi ya kitegemewa. Kwa muda, nafasi hiyo ikiachwa tupu ilijazwa na kipekee cha zamani, ili sehemu nyingine za programu zisisimame. Kama tahajia mbili zinavyovumiliwa katika kipindi cha mpito, ndivyo ilivyokuwa.

Tatu, kazi ya kuunda vitu waliihamishia mahali pamoja, mwanzoni mwa programu. Hapo ndipo hifadhidata inapoundwa na kichanganuzi kukabidhiwa. Anayetaka kujua nani anamtegemea nani husoma ukurasa huo mmoja.

Nne, waliamua umri wa kila kitu. Kiko kinachoishi muda wote wa programu, kama akiba ya miunganisho ya hifadhidata. Kiko kinachoishi kwa ombi moja tu, kama chaguo la lahaja la msomaji. Kiko kinachoundwa upya kila kinapohitajika. Swali hili halikuwahi kuulizwa zamani, kwa kuwa kipekee kilikuwa kimelijibu kabla halijaulizwa.

Tano, na hapo tu, ule mlango wa jumla ukafungwa.

8. Tahadhari

Ningekuwa si mkweli kama ningesema kwamba njia hii haina gharama. Msimbo huwa mrefu zaidi. Klasi nyingine hujikuta ikidai vitegemewa saba au vinane, na mtunzi hulalamika. Nadhani malalamiko hayo yana faida: klasi yenye mahitaji manane ina kazi nyingi mno, nayo ilikuwa nazo tangu zamani ila zilifichwa.

Yapo pia makosa mapya. Kitegemezi chenye umri mrefu kikikabidhiwa kitegemewa chenye umri mfupi, hukishikilia baada ya muda wake kwisha, na lahaja ya msomaji wa asubuhi huendelea kuwahudumia wasomaji wa jioni. Vilevile, kuna kontena, yaani programu maalumu zinazosimamia ukabidhi. Katika ASP.NET Core, iliyotoka mwaka 2016, kontena ya namna hiyo imo tangu mwanzo. Ni msaada mkubwa. Lakini mtunzi akiipitisha kontena yenyewe kila mahali ili kila sehemu ijichotee humo, amekirudisha kipekee kwa jina jingine.

Wala vipekee si dhambi ya watu wajinga. Mwaka 2009, miaka 15 baada ya kitabu chao, Erich Gamma mwenyewe alieleza kwamba yeye angependelea singletoni iondolewe katika orodha ya ruwaza. Mwanazuoni anayeweza kusema hivyo juu ya kazi iliyompa jina anastahili heshima yetu.

9. Hitimisho

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Baadhi ya wanafunzi wangu walinirejeshea methali hiyo kama hoja dhidi ya vitegemezi vyote. Sikubaliani nao. Hakuna klasi isiyotegemea nyingine, kama ambavyo hakuna kishazi tegemezi kilichoweza kusimama bila kishazi huru. Ninavyoisoma, methali haikatazi kutegemea. Inamwonya mtu asiyeweza kusema anategemea nini, na ambaye siku kitu hicho kinapoondoka hana la kufanya.

Wanafunzi wapendwa, wengi wenu mtatunga programu za lugha zetu: kamusi, vikagua tahajia, vichanganuzi, mashine za tafsiri. Mtakabidhiwa maneno ambayo wenyewe hawapo tena kuyarudia. Kila mnapoandika msimbo unaosema “hifadhidata” kana kwamba ni moja, au “Kiswahili” kana kwamba ni kimoja, jiulizeni nani ameamua hivyo, na ameandika wapi uamuzi wake. Kiswahili Sanifu chenyewe, kilichojengwa juu ya msingi wa Kiunguja na kusimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, ni uamuzi wa watu, wenye tarehe na kumbukumbu. Hatupotezi kitu kwa kulikumbuka hilo.

Kijana yule bado tunaandikiana. Katika ukurasa wa kwanza wa msimbo wa kamusi, juu ya mstari unaoiunda hifadhidata, aliandika maelezo mafupi kwa Kiswahili: “Hii ni ya kweli. Majaribio yakabidhiwe nyingine.” Kamusi ingali inatumika, na maelezo hayo yangali pale.